Daraja Lililotoa Povu

Inspekta Nerima alikuwa na tabia moja iliyowachosha wakubwa wake: akiuliza swali, alisubiri jibu. Wenzake pale kituoni walikuwa wameshajifunza kuuliza na kujijibu wenyewe, na kazi ilienda mbio. Ndiyo maana asubuhi ile ya Novemba 1997, mvua ikipiga mabati kama mwenye nyumba anayedai kodi, kila mtu kituoni alikuwa ameshajua ni nani aliyeangusha daraja la Tikisa. Kila mtu isipokuwa yeye.

Tikisa lilikuwa daraja la chuma la waenda kwa miguu, lililovusha watu mto kutoka Kariobangi hadi ng'ambo. Lilikuwa na jina refu la serikalini ambalo hata karani aliyelipa jina hilo angelisahau. Watu waliliita Tikisa kwa sababu ukilipanda lilikutikisa, ukafika upande wa pili maziwa yako yameshakuwa mala. Ijumaa iliyopita lilichoka kutikisa. Upande mmoja uliachia, ukapiga magoti majini, na Makokha, mfanyakazi wa kiwanda cha magodoro aliyekuwa akitoka zamu, akaenda na mto. Walimpata Jumapili, mbali.

Kabla hata hajapatikana, askari walikuwa wameshakuta debe la bolti kubwa ndani ya kibanda cha Opicho, fundi wa kuchomelea vyuma pale jua kali. Bolti za daraja. Kwisha maneno. Vijana wa mtaa walileta tairi la kumchomea, polisi wakaleta Landrova, na kwa bahati ya Opicho Landrova ilitangulia. Kesho asubuhi angesimamishwa kortini kwa kuua. Mkuu wa kituo alikuwa ameshapeleka suruali yake kupigwa pasi, kwa ajili ya wapiga picha.

"Nani alikupa zile bolti?" Nerima aliuliza.

Opicho alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi ya ripoti, pingu mikononi, macho chini. Mtu mnene wa mabega, mpole wa sauti.

"Nilipewa, afande."

"Najua ulipewa. Nauliza na nani."

"Na mtu."

"Afadhali," alisema Konstebo Omolo kutoka mlangoni. "Mimi nilidhani ni mbuzi."

Nerima hakucheka. Alivuta kiti karibu. "Wewe ni mtu wa wapi?"

"Kimilili."

"Basi sisi ni majirani, mimi ni wa Chwele. Na umeoa wapi?"

"Kakamega."

"Kwa nani?"

Opicho alizitazama pingu. "Kwa watu, afande."

"Buda, unapelekwa kunyongwa," Omolo alisema, "na bado unaongea kama redio iliyoisha betri. Taja mtu, uende nyumbani."

Opicho hakutaja mtu. Na kabla Nerima hajauliza tena, mlango wa mbele ulifunguliwa, akaingia mzee mrefu mwenye koti zito la baraza la jiji, linalochuruzika maji. Alivua kofia, akasalimia kila mmoja kwa adabu ya mtu anayekusanya sadaka kanisani. Alikuwa mzee Shitanda, kiongozi wa kikosi cha matengenezo ya madaraja, aliyeitwa kuandikisha ushahidi.

Hapo ndipo Opicho alipofanya jambo la ajabu. Aligeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, akavuta koti lake kwa meno na pingu hadi likamfunika kichwa, akakaa hivyo.

Omolo alimgusa Nerima kiwiko. "Umeona? Shahidi akitokea, mwizi anatafuta shimo."

Nerima aliona. Aliona pia jambo ambalo Omolo hakuliona. Tangu Jumamosi, kila aliyeingia pale, kuanzia mleta chai hadi kasisi, aliomba aonyeshwe mwizi wa bolti. Mzee Shitanda alipita hatua chache kutoka kwenye benchi lile, lenye mtu aliyejifunika koti kama kinyago, na hakutupa hata jicho.

Ushahidi wake ulikuwa mfupi na umenyooka. "Mwezi wa nane tulipaka daraja rangi. Baada ya rangi nikapita na nyundo, nikagonga bolti zote, moja moja. Zikalia. Kama sasa hazipo, basi ziliibwa juzi juzi."

"Zikalia?"

"Bolti iliyokaza hulia, afande. Iliyolegea hukohoa. Ni kazi ya sikio."

"Na hakuna iliyokohoa?"

"Hakuna." Alivaa kofia yake ingali mbichi. "Naweza kwenda? Nina madaraja mengine."

Alitoka. Koti lililogeukia ukuta lilishusha pumzi ndefu.

*

Palipokuwa na Tikisa palikuwa na kamba, askari mmoja aliyelowa, na mama aliyetandika sukuma wiki juu ya gunia chini ya mwavuli wenye mbavu mbili tu. Jina lake lilikuwa Mbeti, na alikuwa ameuza mboga kwenye kichwa cha daraja lile tangu barabara ya kushuka mtoni ilipokuwa njia ya mbuzi.

"Nyinyi ni makarao wa kuandika au wa kucheka?" aliuliza.

"Wa kuandika, mama," alisema Nerima.

"Kwa maana yule wa Jumamosi alikuwa wa kucheka. Nilimwambia nilichokiona, akafunga kalamu."

"Uliona nini?"

Mbeti alimtazama Omolo kwanza, kama anayemuonya. "Daraja lilitoa povu."

Omolo alikohoa ndani ya mkono. Kikohozi chake kilikuwa na kicheko ndani.

"Endelea," alisema Nerima.

"Ile mvua ya kwanza kubwa. Nimejikunyata hapa, naangalia pale kwenye viungo, pale chuma kinapokutana na chuma. Povu. Jeupe, kama beseni la nepi. Linashuka kwa miguu ya daraja mpaka majini. Nikasema, Mungu wangu, hata chuma siku hizi kina pepo."

"Mathe," alisema Omolo kwa upole mwingi, "siku hiyo ulikuwa umepitia pale kwa busaa kidogo?"

"Busaa anakunywa mjomba wako. Mimi ni wa kwaya."

Nerima alikuwa ameshainua kamba. Alishuka ukingoni kwa viatu vyake vya ofisi, akishika nyasi, hadi kwenye nguzo iliyobaki imesimama. Maungio ya chuma yalikuwa usawa wa macho yake. Matundu ya bolti yalikuwa wazi, mfano wa mdomo wa mzee asiye na meno. Lakini pembezoni mwa tundu moja, pahali ambapo mvua haikufika vizuri, palikuwa na kitu. Alikibandua kwa ukucha.

Kilikuwa ganda la rangi ya kijani. Jembamba kama la yai, lakini lenye pembe sita sawasawa, umbo la kichwa cha bolti. Ndani mlikuwa mtupu, na ule utupu ulikuwa na utelezi.

Alinusa. Kisha akampandishia Omolo. "Nusa."

Omolo alinusa, akakunja uso, akanusa tena. "Jumamosi asubuhi," alisema. "Hii ni harufu ya kufua."

"Tangi la petroli likitoboka njiani, makanika wa hapa Kariobangi hufanyaje?"

"Anaziba na sabuni ya kipande, ile ngumu. Unafika mpaka Nakuru." Omolo aliligeuza ganda kiganjani. "Wacha mchezo, afande."

"Sichezi. Mtu alichonga sabuni ikafanana na bolti, akaiingiza kwenye tundu, akapaka rangi juu. Kiangazi ilikaa vizuri. Mvua ikaja, ikafanya kazi ambayo mvua hufanya kwa sabuni." Alifungua mkoba wake, akatoa bolti moja kutoka debe la Opicho, nzito kama rungu. "Sasa tazama hii. Unaona nini?"

"Kutu. Na rangi ya kijivu imebambuka."

"Kijani?"

Omolo aliigeuza mara kadhaa. "Hakuna. Hata tone."

"Kama Opicho angeiiba juzi, ingekuwa na kichwa cha kijani. Ilitoka darajani kabla ya rangi. Na aliyepaka rangi alipakia tundu tupu, akijua." Aligeuka. "Mama Mbeti, rangi hii ilikuja na nini?"

"Na mgeni," alijibu Mbeti papo hapo. "Yule mkubwa aliyekuja kufungua soko. Wiki nzima walipaka. Miti walipaka, mawe walipaka, hata hili jiwe langu la kukalia walitaka kulipaka nikiwa juu yake." Akafunga mwavuli na kuufungua tena, ukamwaga maji. "Kwa hivyo lilitoa povu?"

"Lilitoa povu, mama."

"Mwambieni yule wa kalamu."

*

Mtu aliyeamua daraja gani liguswe na lipi lisubiri alikuwa Injinia Ondiek. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, katikati ya jiji, na kilichokuwa ofisini si meza wala kabati, kilikuwa ubao. Ulifunika ukuta mzima: ramani ya Nairobi, mito yake, na kila daraja, kalvati na kivuko kikiwa na pini yenye kichwa cha rangi.

"Mpango wa miaka ishirini," alisema Ondiek kabla hajawapa viti. Alikuwa mwembamba, mwenye tai na miwani, na aliutazama ubao ule jinsi mtu anavyotazama mtoto aliyefaulu mtihani. "Hapa kwetu daraja linatengenezwa siku linapoanguka. Mimi nilisema hapana. Kila moja lina zamu yake. Unalikagua kabla ya mvua, unagonga bolti, unatoa iliyochoka kabla haijavunjika, unaziba kutu ingali ndogo. Ukifanya hivyo, daraja linazika aliyelijenga na mjukuu wake."

"Kwa hivyo daraja lina kliniki," alisema Omolo. "Kama mama mjamzito."

"Haswa. Wewe umeelewa kuliko bodi nzima."

Nerima alikuwa mbele ya ubao. Kando ya Kariobangi palikuwa na kitundu kidogo kwenye karatasi, kisicho na pini.

"Hapa palikuwa na Tikisa?"

"Palikuwa."

"Uliitoa lini pini?"

Ondiek alirekebisha tai. "Jumamosi."

"Marehemu alikuwa hajapatikana, wewe umeshalitoa daraja ukutani."

"Daraja halipo, Inspekta. Ubao hauwezi kusema uongo."

"Ilikuwa rangi gani?"

Nerima alisubiri, kidole kikiwa juu ya kitundu. "Kijani," alisema Ondiek.

"Kijani ni nini?"

"Limekaguliwa, limekamilika, halirudiwi kwa miaka mitano."

"Niliambiwa pia kwamba mwezi wa tano ulisimama mbele ya bodi ukasema lile daraja litaua mtu."

"Nilisema madaraja yataua watu. Yote. Wakanipa nusu ya nilichoomba na kikombe cha chai." Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Nimeshajua unakokwenda. Mtu anabashiri, jambo linatokea, basi yeye ndiye aliyelifanya. Mtabiri wa hali ya hewa mmeshamkamata?"

"Yuko kwenye orodha," alisema Omolo.

"Injinia," alisema Nerima, akiwa bado amempa mgongo, "sabuni huingia wapi kwenye mpango wako?"

Alimsubiri kwenye kioo cha picha iliyotundikwa kando ya ubao. Uso wa Ondiek haukubadilika. Ulibaki mtupu kama sahani. Lakini Nerima alikuwa ameshakutana na watu waliofundisha nyuso zao kukaa hivyo, na hakumpunguzia shaka hata nukta.

"Sabuni gani?" aliuliza Ondiek.

"Nani aliyekuambia Tikisa lipewe kijani?"

"Mzee Shitanda. Nani mwingine? Ndiye mwenye sikio. Nilimuuliza zinalia, akasema zinalia."

"Na kama angegundua kesho yake kwamba zimekosa kulia?"

"Haiwezekani. Lilikuwa la kijani."

Alipolisema, yeye mwenyewe alilisikia. Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

Nerima aliweka kidole kwenye ubao, upande wa mashariki, pale Barabara ya Kangundo inapoacha majumba na kuingia machimbo ya mawe. Palikuwa na pini nyingine ya kijani.

"Hili la Njiru. Lilipakwa lini?"

"Wiki ile ile," alisema Ondiek polepole. "Mgeni alikuwa apitie shule ya kule. Kikosi kile kile." Akasimama bila kutambua kwamba amesimama. "Watoto wanalivuka lile."

"Omolo, tumia simu ya injinia. Liwekewe kamba pande zote mbili, sasa hivi. Halafu mtafute mzee Shitanda, mwambie aje na nyundo yake." Akamgeukia Ondiek. "Na wewe utatusindikiza. Mmoja wenu wawili anajua kilichomo kwenye yale matundu. Huenda wote."

Kwenye Landrova, Ondiek akiwa nyuma amekumbatia kofia yake ya kazi, Nerima aliinama kwa Omolo aliyekuwa usukani.

"Kwenu Ugenya, mtu akiwa na pingu halafu baba mkwe wake akaingia, hufanya nini?"

"Kwetu?" Omolo alifikiri. "Hufa."

"Kwetu hujifunika uso. Na jina lake halitoki kinywani, hata umchome."

Omolo aliendesha hadi wakapita mzunguko wa barabara. "Ah," alisema. "Lile koti."

"Sijui bado. Inaweza kuwa aibu tu. Inaweza kuwa ni kweli aliogopa shahidi." Alifuta ukungu kwenye kioo. "Ila debe zima la bolti, umewahi kuona mwizi wa vyuma akikaa nazo tangu mwezi wa nane bila kuziyeyusha?"

*

Daraja la Njiru lilikuwa ndugu pacha wa Tikisa, fupi kidogo, la kijani kibichi kilichong'aa kana kwamba limepakwa jana. Rangi ya huku ilikuwa nzito zaidi na mvua ilikuwa imechelewa kufika. Chini yake mto ulikuwa wa rangi ya chai na ulikuwa na haraka.

Watu walikuwa wamejazana nyuma ya kamba pande zote mbili: wachimba mawe, akina mama wenye vikapu, walimu.

"Niaje, afande, daraja limefanya kosa gani?" mchimba mawe mmoja aliuliza. "Limekataa kutoa kitu kidogo?"

"Linahojiwa," Omolo alimjibu. "Nyamaza lisikie maswali."

Mzee Shitanda alikuwa amefika kabla yao. Alisimama peke yake chini ya mkaratusi, koti likiwa limefungwa hadi shingoni, nyundo ndogo mkononi. Ondiek alimfuata moja kwa moja.

"Mzee, waambie. Uligonga au hukugonga?"

"Niligonga," alisema Shitanda.

"Na za huku?"

"Na za huku."

"Umesikia, Inspekta? Mimi naamini mtu wangu. Chukua nyundo ugonge mwenyewe. Anza na zile za katikati, ndizo zinazobeba uzito."

Alilisema bila kupepesa. Ama hakuwa na hatia, ama alikuwa na roho ya chuma kuliko madaraja yake yote. Nerima alinyoosha mkono kwa Shitanda. Mzee alichelewa kidogo kuiachia ile nyundo, kama mtu anayeazimisha kitu asichotumaini kurudishiwa.

Omolo alimfunga Nerima kamba kiunoni, akazungusha upande wa pili kwenye mti na kushika ncha, akionekana kama mtu anayepeleka ng'ombe mnadani. "Afande, ukienda na maji, mimi nitaandika nini?"

"Andika niliteleza kwenye sabuni."

Akapanda. Ubao wa kwanza ulilia chini ya kiatu. Alichuchumaa kwenye ungio la kwanza, akagonga. Ngi. Sauti safi, ya juu, iliyotembea ndani ya chuma hadi ng'ambo na kurudi. Akagonga iliyofuata. Ngi. Nyingine ikakohoa, akaitazama, akaipita. Ngi. Ngi. Hakuwa akitazama bolti tena. Kila alipoinua nyundo, alitazama ukingoni.

Ondiek alikuwa akitikisa kichwa kwa kila mlio, kama mwalimu wa muziki. Sauti ikiwa nzuri, alitabasamu. Ilipokohoa, aliuma mdomo. Macho yake yalifuata nyundo.

Macho ya Shitanda yalikuwa mbele ya nyundo. Yalikuwa yameshafika katikati ya daraja, kwenye ungio la tatu, yakamsubiri huko.

Nerima akaendelea. Ubao chini yake ulitingishika, kitu kikalia kwa chini kama mlango wa zamani. Alichuchumaa tena. Hapa vichwa vya bolti vilikuwa vizuri kupita kiasi, pembe zake laini. Akainua nyundo.

"Hapo usigonge, mwanangu."

Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ile ile ya kusalimia kanisani, lakini kila mtu aliisikia.

"Kwa nini, mzee?"

"Hapo hapatakujibu. Rudi. Rudi polepole, shika upande wa kushoto. Kule kuna chuma."

Nerima alirudi polepole, akishika kushoto. Omolo alivuta kamba kwa mikono miwili. Alipokanyaga udongo, Nerima aliigeuza nyundo na kumrudishia Shitanda mpini. Mzee aliipokea, akaitia mfukoni.

"Zile za zamani zilikuwa zimeliwa," alisema. "Nilizitoa mwenyewe mwezi wa sita, jinsi mpango unavyosema. Toa kabla hazijavunjika. Stoo haikuwa na nyingine. Nikampelekea fundi, azitumie kama mfano, achonge mpya. Vyuma vya kuchongea navyo vikachelewa. Halafu likaja neno la mgeni."

"Mashimo yakiwa wazi."

"Wazi. Vijana wangu wakaniuliza, mzee, tupake rangi juu ya nini? Nikawatuma dukani." Alijikuna shavu. "Ilikuwa ya siku moja. Mgeni apite, nirudi na bolti."

"Mbona hukurudi?"

Shitanda hakumjibu yeye. Alimtazama Ondiek, bila hasira. "Ulinipigia simu mgeni akiwa ofisini kwako. Ulisema, mzee, yule mkubwa yuko hapa mbele ya ubao, zinalia? Ningesema nini? Nikasema zinalia. Asubuhi yake nikakuta umeweka pini za kijani. Mtu akiomba bolti za daraja la kijani, anaulizwa ni za nini."

Ondiek alitazama daraja, lile la kijani, lenye watu wengi pande zote, akarudi nyuma hatua moja.

"Makokha amekufa," alisema Nerima.

"Najua. Nilikuwa matangani. Nilisimama nyuma."

"Na fundi anapelekwa kortini kesho kwa hilo. Ulipita mbele yake asubuhi ukanyamaza."

"Nilijua hatanitaja."

"Ulijuaje?"

Mzee alivua kofia. Mvua ilimpiga kwenye upara, hakujali. "Unaniuliza mimi, na wewe ni mtoto wa kwetu? Ana binti yangu Marion nyumbani kwake. Anitaje vipi?" Akanyoosha mikono yote miwili mbele, imeshikana, jinsi alivyoona watu wakifanya. "Nilitegemea adabu yake. Hiyo ndiyo niandikie ya kwanza, kabla ya sabuni."

*

Mkuu wa kituo hakufurahi, maana suruali ilikuwa imesharudi kutoka kwa dobi. Alisoma, akaguna, akauliza kama sabuni inaweza kweli kuonekana kwenye picha. Kisha akasema Opicho afunguliwe.

Nerima alifungua pingu mwenyewe. Opicho alisugua vifundo vya mikono, akamtazama kwa hofu mpya kabisa.

"Nani amesema?"

"Si wewe. Wewe hukusema neno, na nitaapa hivyo popote."

"Basi ni nani?"

"Amejitaja mwenyewe. Mbele ya watu. Alinizuia nisitumbukie mtoni."

Opicho alikaa tena kwenye benchi. Nje, Landrova ya pili ilisikika ikisimama kwenye tope, milango yake ikifunguliwa. Omolo alichungulia dirishani.

"Wamemleta," alisema.

Opicho aliinuka kwa haraka iliyoliangusha benchi. "Afande. Ana pingu?"

"Anazo."

"Kuna mlango mwingine?"

"Uko huru, buda," Omolo alisema. "Toka kwa mbele, watu wakuone. Walitaka kukuchoma, wacha wakuombe msamaha."

"Kuna mlango mwingine?" Opicho aliuliza tena.

Omolo alitazama koti mkononi mwa Opicho. Alichukua ufunguo msumarini, akatangulia ukumbini kuelekea jikoni, kwenye mlango wa kutolea majivu.

Mzee Shitanda alikuwa amefika kizingitini, askari mmoja kila upande. Aliona benchi lililoanguka. Alisimama papo hapo, akageuzia uso kwenye fremu ya mlango, na askari walipomvuta hakuondoka.

"Ngojeni kidogo," alisema.

Walingoja, kwa sababu Nerima alikuwa ameinua mkono. Ukumbini nyayo zilipita haraka. Komeo la nyuma lilivutwa, mlango ukalia, ukafungwa.

Mzee aligeuka, akainua benchi kwa mikono yake iliyofungwa, akaliweka sawa ukutani, na kuketi.

"Haya, mwanangu," alisema. "Andika."